Shilingi Moja kwa Dakika

Bado wabishana.
Mwaka wa ishirini huu nawasikia, na hawajamaliza.

Nilikuwa na kompyuta saba pale Bondeni,
feni moja ya kugombania,
nikiuza dakika kama wenzangu wauzavyo mabuyu.
Shebwana akija, sare ya shule kaificha kwenye mfuko wa nailoni.
Nyamawi na sarafu zenye mafuta ya kachiri za mamake.
Hasnain hakulipa: babake ndiye mwenye nyumba.

Mchezo ulikuwa mmoja tu, Himaya.
Si ya Pili, wala si ya Tatu hii yenye mvua ya kulowesha,
ila ile ya kwanza, ya diski iliyochubuka
niliyoisugua kwa dawa ya meno hata ikasoma.

Sasa wana vitambi.
Ijumaa usiku waja dukani, ambapo natuma pesa
na kupiga chapa vyeti vya watu,
waegemea kaunta, sahani ya viazi vya karai katikati,
na Shebwana aanzia pale pale alipoachia wiki iliyopita:

"Ya Kwanza ilikuheshimu.
Ilikutupa msituni na watu watatu, isikwambie neno.
Ukijenga ghala mbali na mto, wafa njaa,
na wajua ni wewe."

"Ilikuwa mbovu," asema Hasnain.
"Mkata kuni akikwama nyuma ya mti
atembea papo hapo mpaka mchezo uishe.
Tembo wapita chini ya maji kama samaki.
Heshima gani hiyo?"

"Huyo mkata kuni alikuwa na jina!"

Alikuwa nalo. Walimwita Bwana Subira.
Kila mchezo alizaliwa, kila mchezo alikwama,
na kuna vita vilipotea kwa sababu yake.

Hasnain atoa simu, aonyesha:
Ya Tatu ina mawaziri wa kukushauri,
ramani yang'aa penye dhahabu,
ukikosea warudi nyuma hatua kumi
wala hakuna aliyeona.

"Ndiyo hapo," asema Nyamawi, kiazi mdomoni,
yeye husema neno moja kwa wiki.
"Mimi nataka nionekane."

Ya Pili hakuna anayeitetea. Masikini Ya Pili,
mtoto wa kati, yatajwa tu wakitaka kukubaliana.

Mimi nahesabu noti.
Sijawaambia kwamba zamani, nikishafunga mlango,
nilicheza peke yangu mpaka adhana,
na ule ukuta wa kaskazini, fahari ya Shebwana,
nimeuvunja mara nyingi kuliko nazi.

Ijumaa iliyopita stima ikakatika.
Bondeni nzima giza, jenereta ya mtu ikikohoa.
Kimya. Kisha Nyamawi:
"Nimetuma wawili mtoni."
"Nimekuona. Mimi nakata kuni. Sita."
"Sita wa nini, na ghala moja?"
Shebwana akajenga ukuta, jiwe kwa jiwe, kwa mdomo.
Vidole vyao vyagonga kaunta yangu
pale pale herufi zilipokuwa.
Hata Hasnain. Hasa Hasnain,
hakukosea hata bei ya jiwe,
na miaka yote hiyo kaitukana.

Nikaziweka noti chini.
"Shebwana, ukuta wako wa kaskazini una pengo.
Nimeshaingia. Nina tembo tisa."

"Pengo lipi?"
Sauti ya mtoto wa shule.

"Penye mti mkubwa. Aliposimama Bwana Subira.
Mchezo haukukubali ujenge juu yake,
ukaruka, ukaendelea mbele."

Stima iliporudi walikuwa wanitazama
kama mtu aliyekuta deni la zamani mfukoni mwa koti.
Nyamawi ndiye aliyecheka kwanza, akapaliwa, akapigwa mgongo.

"Ya Tatu," akasema Hasnain taratibu,
"hilo pengo wameliziba."

"Ndiyo maana haina maana!"
Na wakaanza upya,
viazi vimepoa, ukwaju umegandia sahani.