Fungeni Vitabu

Nilipanda hadi Ushguli mwezi wa pili,
fomu ya ukaguzi kifuani, ndani ya koti,
isilowe theluji.
Vijisanduku ishirini na vinne vya kutia vema.
Cha kwanza: Je, mwalimu anaeleza somo kwa ufasaha?

Mwalimu Mzevinari hakueleza.
Alisukuma gogo kwenye jiko la chuma,
akapangusa mikono kwa sketi, akasema:
"Fungeni vitabu.
Andikeni mlichobaki nacho."

Si cha jana. Cha wiki tatu nyuma,
kabla maporomoko hayajafunga barabara,
kilichokwisha kuota ukungu kichwani.
Watoto kumi na mmoja. Kalamu zikasimama,
zikatembea, zikasimama.
Niliandika pembeni: anawatesa.

Kisha Sozari, ubaoni.
Theluthi moja, jumlisha robo?
"Mbili juu ya saba," kifua mbele.
Ulimi ukaniwasha. Miaka thelathini
nimekosoa kabla mtoto hajafunga mdomo.
Yeye alitazama dirishani
hata bonge la theluji likaporomoka
kutoka paa la mnara wa jirani.
Nilihesabu sekunde tisa.
Darasani, tisa ni usiku mzima.

"Lamara, usimsahihishe. Muulize kaipataje."

Lamara akauliza. Sozari akachora mkate,
ule wa nyama, wa mama yake, wa mviringo,
akakata theluthi, akakata robo,
"halafu ukiziweka pamoja zinakuwa..."
Akanyamaza.
"Mbona zimepita nusu?"
Akafuta kwa kiganja, mwenyewe,
akakata upya vipande kumi na viwili,
masikio yamemwiva,
na hakuna aliyecheka, maana kila mmoja
alikuwa anakata mkate wake.

Wakati wa chai nikamuuliza
njia hii kaisomea chuo gani.
"Nina ng'ombe wawili," alisema.
"Asiyekamuliwa hukauka."
Na wakisahau?
"Hapo ndipo ninapowavizia. Wakiwa ukingoni.
Nikiwahi, wananisomea tu nilichowapa.
Nikichelewa, tunaanza upya, basi."

Kijisanduku cha kwanza nilitia hapana,
kwa mwandiko wa heshima.
Neno lile la pembeni nililikwangua kwa wembe,
karatasi ikatoboka.

Garini, tukiteremka kwenda Zugdidi,
mkoba umefungwa magotini,
nilijaribu kuwataja wale kumi na mmoja, jina kwa jina.
Nikafika saba.
Orodha ilikuwa mkobani, chini ya vidole vyangu.
Sikuufungua.
Nikatazama dirishani, nikangoja.