Mbili kwa Tano

Fomu haina mahali pa jina lake.
Ina visanduku: titi lote limeingia?
Kwapa linaonekana? Mafuta yamezimwa sawasawa,
au yamebaki yakimeta pembeni
kama mabati ya Kondele mvua ikishapita?

Nimeketi nyuma ya kioo, Kisumu, saa nane mchana,
feni inazunguka bila kuleta upepo,
na picha namba arobaini na moja ni mbovu.
Ukingo wa titi la kushoto umejirudia
mara tatu, mara nne, kila mara hafifu zaidi,
kama mtu aliyeitwa bondeni
na mlima ukabaki ukimwita.

Moyo haufanyi hivi. Fujo za moyo nimezizoea,
utepe mmoja wa ukungu, nao tunausamehe.
Kikohozi hukata mara moja kikaisha.
Kilichotikisa hapa kilikuwa na mpigo.

Mbili kwa tano, nikaandika. Sababu: mgonjwa kutotulia.
Kisha kalamu ikanisuta.

Nikamwendea. Bi. Truphena Vihenda, wa Mbale,
kifudifudi, matiti ndani ya mashimo mawili ya koili,
mto umemchora mstari kwenye paji la uso.
Mama, nini kilikusumbua? Baridi? Sindano mkononi?
Akanyamaza. Halafu:
"Hii mashine yenu inagonga kokoto."

Miaka kumi na tisa anavunja mawe kando ya barabara,
nyundo, kokoto, debe, lori.
Sumaku ilipoanza ta-ta-ta-ta
mkono wake wa kulia, ulionyooshwa mbele ya kichwa,
ukashika kazi bila kumuuliza.
"Nikisikia wenzangu wanagonga, mimi nilale vipi?"

Basi ule haukuwa ukungu.
Yalikuwa madebe, yamehesabiwa moja moja,
na fomu haina kisanduku cha madebe.

Daktari Oyugi akatazama saa. Foleni imefika mlangoni.
Dawa bado haijaingia mshipani, nikamwambia,
tunaweza kurudia.

"Mama, leo wagonge wao.
Wewe ndiye mwenye lori. Ngoja wajaze."

Akacheka, nami nikasubiri kicheko kiishe,
maana hata furaha hutia ukungu.

Dakika sita. Ta-ta-ta-ta. Vidole vimelala.
Ikaja: ngozi mstari mmoja tu,
mafuta meusi kama yalivyotakiwa,
kwapa lote, hadi tezi zake ndogondogo.
Nne, nikaandika. Tano sijawahi kumpa mtu.

Na karibu na ubavu, pale palipokuwa na mwangwi,
kitone cheupe,
kidogo kama punje ya mtama.
Si kazi yangu kusema ni nini.
Fomu yangu inauliza tu kama kinaonekana.

Kinaonekana.