Gramu Themanini na Tatu

Dukani kwa Aslaug, Tromsø, mwezi wa sita,
majiko yamepangwa nyuma ya kioo kama vito,
nami nimevaa miwani ya kusomea bei.

"Hili hapa, gramu arobaini na tano."
Analiweka kiganjani mwangu.
Nimewahi kupokea barua nzito kuliko hili.
Lakini mikono yake ni mifupi kama ya mwanasesere;
sufuria yangu ingekaa juu yake
kama mgeni kwenye ukingo wa kiti.

"Hili lina kiwashio. Unabonyeza tu."
Tak. Tak. Tak.
Mara ya nne, cheche.
"Na kule juu, kwenye ukungu?"
Aslaug ni mkweli: "Beba kiberiti."

Kuna lenye mrija, mtungi unalala kando,
la baridi ile ya kweli, ya gesi kusinzia
ndani ya bati lake na kukataa kuitwa.
Zuri. Halitikisiki.
Gramu mia moja sabini na nane.
Nalirudisha polepole, kama mtoto wa watu.

Haba na haba hujaza kibaba,
na kibaba hicho hupanda mlima mgongoni mwangu.
Tayari nimekata mpini wa mswaki,
nimefumua lebo za mashati,
chumvi nimeihesabu kwa siku.

Kisha anauliza, bila kuinua macho:
"Unapikia watu wangapi?"

Miaka kumi na tisa jiko lilikuwa la Sverre:
la shaba, lenye pampu,
likinukisha mafuta hadi kwenye mkate.
Niliapa halina uzito.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na mimi nilitangulia njiani, mikono mitupu,
nikimhimiza akaze mwendo.
Tulipogawana vitu alichukua jiko,
nami nikabaki na hema la watu wawili.

"Mmoja," nasema.
Neno linatoka jepesi kuliko nilivyohofia.
Si jepesi sana.

Figa moja haliinjiki chungu, walisema.
Haya ni matatu, ya titani, yenye meno,
yanakunjika yakalala ndani ya kikombe,
na kichwa chake kimebonyea katikati
ili upepo upite juu bila kuuma.
Nalipa. Aslaug ananionya:
usiuzungushie mtungi ukuta,
joto likirudi chini utalipuka.

Nyumbani, mizani ya unga: themanini na tatu.
Yai moja na nusu.

Saa nne usiku, jua bado limeng'ang'ania mlangobahari,
nafunga mtungi kwenye baraza la ghorofa ya tatu,
fyuu fupi, kisha kimya, kisha buluu.
Upepo unakuja. Nakumbuka onyo,
nasimama upande unakotokea,
koti wazi,
ukuta mimi mwenyewe.

Ingvald wa juu anachungulia:
"Umeme umekatika?"
"Kwangu upo," namjibu.
Anasubiri maelezo. Hapati.

Dakika nne na sekunde kumi.
Namimina kahawa, na ndipo naona:
maji niliyopima, bila kufikiri,
ni ya vikombe viwili.

Nikavinywa vyote.
Cha pili kilikuwa kimeanza kupoa.