Herufi Saba za Shaba

Hapa Chemnitz nalipwa kwa herufi.
Jina refu, mkate mkubwa.
Müller sichongi tena: vibao thelathini
vimelala tayari drooni kama dagaa,
maana kila ngazi ya mji huu ina msaga nafaka wake
na hakuna ajuaye kinu kilisimama wapi.
Wapo akina Schmidt, wafua chuma wasio na nyundo,
yupo Schneider, fundi cherehani kwa jina,
aniletea koti lake nimshonee kifungo.
Mimi mwenyewe ni Stumpf. Yaani butu.
Miaka arobaini nashika ncha kali,
na kila mwanagenzi niliyemfundisha amecheka
akidhani ndiye wa kwanza kuliona.

Jumanne akaja Bi Roswitha wa ghorofa ya nne,
mvua ikimchuruzika mabegani,
mkononi kikaratasi alichokibandua kengeleni pake,
kazi ya msimamizi wa nyumba:
ZEITLER.
"Wametia T pasipo na T," alisema.
"Ekkehard asingekubali."
Ekkehard alizikwa Februari,
udongo umeganda hata wakaleta mashine.

Nikamwambia kosa hilo lina umri kuliko nyumba yake.
Makasisi waliandika kwa sikio,
na sikio la kwetu halitenganishi D na T,
hasa baada ya chakula cha mchana.
Hakucheka.
"Maana yake unaijua?"
Niliijua nusu.
Yeye alikuwa ameisikia yote, mezani, kila Krismasi,
kwa baba mkwe, bata akipoa:

kwamba zamani, kabla ya sukari,
utamu ulikaa juu, ndani ya misonobari,
katika tundu lililochimbwa kwa shoka
kimo cha watu watatu kutoka ardhini.
Mtu akapanda kwa kamba, moshi mkononi,
akakata sega,
akawaachia nyuki fungu lao la baridi.
Asali kwa bwana,
nta kwa mishumaa ya kanisa,
kwake yeye vidole vya kulamba
na jina.
Huyo ndiye Zeidler.
Wakamwita hivyo msituni, wakamwita hivyo sokoni,
mwanawe akashuka mjini kufuma soksi, akaitwa vilevile,
kitukuu akaendesha tramu.
Msitu ulikwisha. Jina halikuambiwa.

"Na Ekkehard wangu," akasema,
"nyuki mmoja tu alimlaza hospitali siku tatu.
Fuata nyuki ule asali!
Yeye aliwakimbia, akala jemu ya cheri maisha yake yote."
Hapo ndipo alipocheka,
na kicheko kikamkwama, akatafuta leso.

Akaniambia alizaliwa Kretzschmar,
mwenye baa, kwa lugha ya zamani.
"Herufi kumi na moja. Ndoa ilinipunguzia nne."
Nikahesabu moyoni hasara yangu.

Binti yao yuko Bremen, ni Petersen sasa.
Mwana wa kiume hawakupata.
Enzi za kitabu cha simu, Ekkehard aliwahesabu wenzake:
kumi na tisa mji mzima,
naye akina Müller akawapima kwa rula.
"Baada yangu kengele hii ni ya mwingine."
"Basi kwa nini shaba?" nikauliza.
"Plastiki ni nusu bei."
Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyetia ile T.

Nilichonga usiku, duka limefungwa.
Z ina kona mbili za ukorofi.
I ni mapumziko.
D niliikata kwa kina kuliko zote,
kidole kiijue hata bila macho;
jina jema hung'ara gizani, husema watu,
lakini taa ya ngazi yao imeungua tangu Pasaka.

Alhamisi akaja kulipa.
Nilimtoza herufi sita,
nikanyamaza.
Akaisoma risiti mara mbili, miwani puani,
akafungua pochi,
akaweka sarafu juu ya meza, moja moja.
"D," alisema,
"ndiyo niliyokuja kuilipia."