Risasi Iliyochelewa Arua

Ijumaa, saa mbili usiku, banda langu limejaa hadi mlangoni,
na mtu amepigwa risasi kwenye shuka nyeupe ya ukutani,
akaanguka, akafa, vumbi likatulia,
ndipo mlio wa bunduki ukafika.

Watu wakacheka. Wala si filamu ya kuchekesha.
"Adriko! Hiyo risasi imepanda boda kutoka Koboko?"

Nikaiinamia kompyuta, jasho likidondokea vitufe.
Nikaingia kwenye mipangilio kama mganga asiyejua ugonjwa:
nikafungua hiki, nikafunga kile,
nikapunguza kasi, shujaa akapepesuka kama mlevi wa kwete,
nikagusa maandishi, yakaja ya Kichina
(kuna mtu nyuma akajidai anayasoma).
Nikazima, nikawasha. Dua ya kila fundi.
Nikaivuta sauti mbele sekunde mbili nzima:
mama akalia kabla mwana hajafa,
na mfasiri wetu mpayukaji akamtaja muuaji
mlango ukiwa bado umefungwa.
Nikairudisha kidogo. Ikakaa. Ikateleza tena.

"Rudisha hela!"
Shilingi elfu moja moja,
zilizokwisha kugeuka mafuta ya jenereta.

Drateru wa chapati aliingia na beseni kichwani,
akasimama, akasikiliza,
akauliza swali moja tu:
"Hii spika mpya, waya wake uko wapi?"

Haina waya. Ndiyo fahari yake.
Nimeinunua kwa Onzima juzi,
ina taa ya buluu inayopepesa kama jicho la paka.
Sauti inaruka hewani, aliniapia, kama malaika.

"Basi malaika wako anapumzika njiani."

Waya wa zamani ulikuwa nyuma ya nyumba,
umefungwa toka nguzo ya choo hadi kwenye mpera,
umebeba sare za watoto
na kitenge cha Ayikoru, bado kibichi.
Nikaanua gizani, nguo moja baada ya nyingine, nikimsikiliza mbwa wa jirani,
nikauchomeka waya ukiwa na kibanio kimoja kimeung'ang'ania.

Bunduki ikalia mtu akianguka.
Banda zima kimya.
Kifo kikija kwa wakati wake, nadhani, hakichekeshi.

Kisha mke wangu mlangoni,
kitenge mkononi, kinachuruzika maji na matope.
Kinywa chake kikafunguka,
na sauti, enyi watu wa Arua,
haikuchelewa hata kidogo.