Kipengele cha Saba

Jumamosi, ukumbi wa zimamoto mjini Butte,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na bado wamekuja:
mbwa tisa, wenye mbwa wanane
(mmoja kamleta na wa dada yake, aliye kitandani).
Mimi nina kalamu, nina fomu,
na sufuria ya bati niliyoinunua mnadani
kwa kazi moja tu: kuangushwa.

Vipengele ni kumi. Kaa. Lala. Ngoja.
Ipite soseji kama mtu apitavyo bucha mwisho wa mwezi.
Mpishe mwenye kiti cha magurudumu.
Usimbwekee mwenye kofia.
Kipengele cha saba ni kelele ya ghafla.
Mbwa anaruhusiwa kushtuka.
Haruhusiwi kuondoka alipowekwa.

Loretta Tuomela aliingia wa sita.
Miaka ishirini na miwili aliendesha basi la shule,
njia ya Walkerville, hadi asubuhi ile ya barafu
basi lilipolala ubavu kama ng'ombe anayezaa.
Watoto kumi na wanne, wote walitoka wazima.
Wote. Anakwambia kabla hujamuuliza.
Ni yeye tu ambaye hajatoka.

Mbwa wake Otto: miguu mifupi,
sikio moja limejikunja kama kona ya ukurasa.
Na mfukoni, cheti. Muhuri wa dhahabu,
picha ya Otto kama ya pasipoti,
dola themanini na tisa, pamoja na kadi ya shingoni.
Mwenye nyumba alikitazama, akacheka puani.

Nikamweleza kwa sauti ya chini:
mbwa wa faraja, sheria haimdai cheti wala mtihani,
inataka barua ya anayekutibu, basi.
Aliyekuuzia muhuri huu kakuuzia hofu yako mwenyewe.
Akakikunja mara nne.
"Barua ninayo. Lakini nataka mtu amwone.
Mtu mwenye kalamu. Aseme huyu anajua kazi."

Otto alikaa. Alilala.
Soseji aliipita, mate yakimdondoka, ila aliipita.
Nikamweka kwenye utepe mwekundu sakafuni,
Loretta akarudi nyuma hatua kumi na tano,
nikaachia sufuria.

Sufuria hiyo nimeiangusha labda mara elfu mbili.
Najua macho ya mbwa yanakokwenda.
Ya Otto hayakwenda huko. Alimtazama Loretta,
aliyekuwa amesimama wima, mikono mbele,
kaushika usukani usiokuwepo.

Akatoka kwenye utepe. Hakukimbia.
Alikwenda kama mtu anayekwenda kuzima jiko,
akamkalia viatu vyote viwili,
akamwegemea magoti kwa uzito wake wote
hadi Loretta akaketi chini,
hadi mikono ikaachia, ikapata manyoya.
Nilimuuliza nani kamfundisha.
"Mimi? Mimi namfundisha kutoa mkono. Hajui hata hilo."

Sasa fomu. Fomu ina ndiyo, ina hapana.
Ningeweza kudanganya, na ukumbi ungenipigia makofi.
Lakini nimewafelisha mbwa wa wajane,
nimemfelisha mbwa wa binamu yangu,
kwa ukucha mmoja nje ya utepe.
Nikaandika: Hapana.
Na kwenye mstari wa maoni, ambao huuachia kistari:
Aliacha amri, akamfuata mtu.

Loretta akasoma. Akarudia kusoma.
Akaomba nakala.
Mtihani mwingine ni Mei, nikamwambia.
"Mei tutaona," akasema,
akitafuta glavu ambayo Otto alikuwa ameilalia.

Usiku, jikoni kwangu, niliosha ile sufuria,
nikaikausha, nikaiinua usawa wa kifua.
Nikaiachia.
Ilizunguka, ikazunguka, ikatulia.
Nikasimama palepale
kama niliyewekwa kwenye utepe.