Kutwa Mara Mbili

Kazi yangu kusinga maharusi.
Wete nzima, mpaka Limbani na Jadida,
namjua mwari kwa mgongo wake.
Liwa, dalia, mawaridi ya unga:
mtoto wa watu hutoka mkononi mwangu anang'ara
kama sahani ya wageni.

Na mie kifuani nina wavu.
Rangi ya kahawa, mwembamba kingoni, mzito katikati,
unapanda shingoni polepole kama maji ya bamvua.

Nilijisugua. Wallahi nilijisugua.
Dodoki, ndimu na chumvi, jiwe la mguu,
hata sabuni ya mche.
Ngozi ikatoka damu, wavu ukabaki.
Bi Mkasi akaiahirisha singo ya bintiye,
kwa adabu zote: "Tutakwita, mwenetu."
Harusi nimeisikia ngoma zake tu.

Hospitali ya Chake, Dokta Asaa
alichovya pamba kwenye spiriti, akanifuta shingo,
akaitazama pamba. Nyeupe.
Akafurahi kama aliyeokota pete.
"Si taka, bibie. Wala si utangotango."
Jina lake akaniandikia, refu,
nikalisoma garini mpaka Wete sikulimaliza.

Akanipa vidonge. Vya kumeza!
"Maradhi yako nje, dawa iende tumboni?"
"Ndiyo."
"Inaua mdudu gani?"
"Hatujui hata kama yupo."
"Mnamuua msiyemjua?"
Akakuna kidevu.
"Tunachojua, wavu huondoka."

Kutwa mara mbili, wiki nane.
Bilauri nzima ya maji, umekaa wima,
usichanganye na maziwa, na jua ulikimbie.
Kulikimbia jua, Pemba, msimu wa kuanika karafuu!
Nikaufungua mwavuli mweusi wa marehemu baba,
nikapita nao sokoni mchana mkavu,
watoto nyuma yangu wakiulizana mvua iko wapi.

Ramadhani ikanikuta njiani:
kimoja kwa futari, kimoja kwa daku,
kisha kukaa kitako, macho mazito,
nikingojea kishuke.

Wiki ya tano, Faki mume wangu,
mtu wa maneno matatu kwa siku,
aliweka kidole chini ya koo langu.
"Hapa pana tundu," akasema.
Akanyamaza. Yametimia matatu.

Sasa umebaki uzi mmoja, karibu na titi la kushoto.
Dodoki liko msumarini.
Simu inalia, jina la Bi Mkasi; ana binti wa pili.
Naitazama inavyolia,
bilauri mkononi.